Mwaka Niliojaribu Malori ya Jeshi

Elias alinipigia simu asubuhi nikiwa mashineni Majimoto nasimamia ukoboaji wa mpunga, na kwa jinsi alivyoanza na habari za nyumbani, kisha za mvua, kisha za ng'ombe ambao anajua sina, nikaelewa kwamba kuna msiba. Nikamwambia aseme tu. "Sajenti Zuhura ametutoka," akasema. "Sukari. Wamemzika jana, kwao Karema." Nilitoka nje kwa sababu ya kelele za mashine, ingawa alichosema nilikuwa nimekisikia vizuri. Kesho yake nilikwenda Mpanda, nyumbani kwa Elias, Makanyagio, mkewe akatupa chai na viazi vitamu, tukaondoka na gari lake dogo kwenda ziwani kutoa pole. Elias sasa ana mvi na kitambi, na meno mawili ya mbele ni ya bandia. Aliendesha polepole. Tulipofika njia ya kuingilia Sibwesa wote wawili tuligeuza shingo kuangalia upande ule, kwenye mashamba ya mahindi na nyumba za bati, mahali ambapo kwa mwaka mmoja wa ujana wetu palikuwa msitu na kambi.

Mwaka ule Katavi haikuwa mkoa bado, tulikuwa chini ya Rukwa, na lami tulikuwa tunaisikia kwa wasafiri. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, dereva wa lori la mpunga kati ya Majimoto na Mpanda, na nilikuwa na jina. Wafanyabiashara walisema Gaspari anapita mbuga ya matope mwezi wa tatu bila kuchafua viatu. Siku moja akaja Meja mmoja, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akasimama penye mizigo na kuuliza nani hapa hakwami. Wakanionyesha kwa vidole. Akanieleza kwamba yameletwa malori mapya matatu ya kubebea askari, kutoka kiwanda cha nje ambacho mpaka leo sioni sababu ya kukitaja. Kabla ya kununuliwa mengi, haya matatu yalitakiwa kuteswa mwaka mzima, kiangazi na masika, kwenye njia mbaya zilizochongwa makusudi, mpaka yaseme yenyewe yametengenezwa kwa kitu gani. Madereva wa jeshi alikuwa nao. Alichotaka ni raia mmoja anayelijua tope la huku. Nilikubali kabla hajamaliza, maana hakuna mtu aliyewahi kunifuata kwa ajili ya kitu ninachokijua.

Kambi ilikuwa ndogo. Nilipewa chumba ambacho nusu yake ilikuwa stoo ya matairi, nikalala muda wote ule nikinusa mpira mpya, na hata leo nikipita kwenye duka la matairi usingizi unanijia. Ukuta uliotenganisha chumba changu na ofisi ulikuwa wa bati tupu, kwa hiyo ofisini hakukuwa na siri kwangu. Tulikula kwenye banda la turubai, juu ya meza iliyogongwa kwa mbao za masanduku ya vipuri. Mpishi alikuwa Mzee Sadoki wa Katumba, kwenye makazi ya Warundi, ambaye maharage yake aliyapika kwa mawese hadi yakawa mekundu kama udongo wa barabarani, akayapakua juu ya ugali wa muhogo huku akiongea Kirundi na Elias. Elias naye alikuwa mtoto wa Katumba, askari dereva wa miaka ishirini, mwembamba, mwenye kucheka hata alipoulizwa saa. Jumamosi tulikula wali wa kwetu, ambao niliuleta mwenyewe, na kama Zuhura alikuwa ametoka kwao tulikula na migebuka ya kukaushwa, samaki wa ziwani, aliyoifunga kwenye magazeti. Aliigawa kwa mkono wake, mmoja mmoja, akianza na mpishi. Meja alipata wa mwisho na hakulalamika.

Sajenti Zuhura alikuwa fundi mitambo na ndiye aliyekuwa mpimaji wa gari langu. Alikuwa na kama miaka thelathini, binti wa wavuvi, mfupi, kilemba cheusi kimebana chini ya kofia. Alikaa kiti cha abiria na daftari gumu mapajani na saa mbili mkononi, moja ya kwake na moja ya kazi. Malori mengine mawili yalikuwa na njia zao; mzunguko wetu ulikuwa na njia nne. Ya kwanza ilikuwa ya mawe makubwa kama vichwa, ya pili magogo yaliyolazwa kukata barabara, ya tatu mbuga na kijito ambacho masika maji yake yalifika kiunoni, na ya nne mlima, unaopanda upande mmoja kwa shida na kushuka upande wa pili kwa muda mrefu sana. Nyuma tulibeba viroba vya mchanga vilivyofungwa kwenye mabenchi, kila kiroba mahali pa askari mmoja. Mizunguko minne kwa siku, siku sita kwa wiki. Na mbung'o. Mbung'o wanapenda kitu kikubwa chenye giza kinachotembea, na sisi tulikuwa kitu hicho hasa. Tukifunga madirisha tunapikwa, tukifungua tunaliwa. Zuhura alikuwa na tawi la majani la kujipigia mabegani, akijipiga huku akiandika, na mwandiko wake haukupinda.

Wiki ya tatu, nikiwa nimejilaza chumbani mchana, nikasikia sauti zao nyuma ya bati. "Huyu raia anaendesha vizuri mno," Meja alisema. Nikatabasamu peke yangu. "Ndiyo shida yake, afande," Zuhura akajibu. "Analibeba gari. Tangu aje, gari halijasema neno, anaongea yeye tu." Nilikasirika kiasi kwamba sikwenda kula. Kesho yake tulipokuwa kwenye magogo alifunga daftari na kunigeukia. "Kaka Gaspari, hili gari hutaliendesha wewe. Ataliendesha kijana wa miaka kumi na tisa, hajalala siku mbili, ana hofu, na nyuma kuna wenzake thelathini. Endesha kama yeye." Nikamwambia mimi siwezi kuendesha vibaya. "Jifunze," akasema. "Ndicho ulichoajiriwa kufanya."

Nilijifunza, na sijawahi kujifunza kitu kigumu kama kile. Dereva mzuri husikia jiwe kabla ya kulifikia, mguu unalegea wenyewe, usukani unasogea nusu kiganja, na gari linapita bila kujua limeokolewa. Sasa ilinibidi niliache lipigwe. Lilipopigwa, likaanza kusema. Springi ya nyuma ikapasuka, mlango wa abiria ukafunguka wenyewe kwenye magogo, bomba la mafuta likalegea. Zuhura aliandika kila kitu kwa furaha kama mtu anayepokea wageni. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili ilikuwa miezi yangu mizuri kuliko yote. Tulikuwa tunazungumza njia nzima. Alinieleza jinsi babake alivyokuwa akigonga mbao za mtumbwi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, na kwamba yeye alipoona injini ya kwanza imefunguliwa alifikiri ni kitu hicho hicho, unagonga na kusikiliza. Mimi sikuwa na mtu mwingine ambaye ningeweza kuongea naye habari za magari bila kujisifu. Nikiukumbuka mwaka ule sasa, huwa naanzia hapo, kwenye kabini ile yenye joto, yeye anasema neno na kuandika neno, na mwili wangu wa wakati ule ambao haukuchoka.

Januari mvua zikashika. Siku moja Meja aliniita akaniambia kwamba mwaka ukiisha, na kama kila kitu kitakwenda vizuri, ataniombea kazi ya kudumu, kufundisha madereva wao. Alisema hivyo tu. Lakini mimi katika lile "kama kila kitu kitakwenda vizuri" nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba gari langu lisishindwe. Na gari langu lilikuwa limeanza kushindwa. Tulipotoka kijitoni na tope la mbuga limeingia kwenye ngoma za breki, kisha tukapanda na kuanza kushuka mlima, breki zilikuwa zinashika mwanzoni, halafu katikati ya mteremko zinapata moto na kulegea. Unakanyaga, pedali inakwenda, gari halisimami. Mzunguko wa tatu au wa nne ndio ulikuwa mbaya. Niliijua hali hiyo tangu nilipokuwa tanboi, na dawa yake niliijua pia. Nilianza kugusa breki kidogo kidogo tangu juu, kuzikausha, na kabla ya kilele nilikuwa nimeshaingia gia nzito, injini ndiyo inayolishika gari. Tulishuka kama tuko kanisani. Chini, kwenye tambarare, Zuhura alipima breki kwa saa na kamba, na kufikia hapo zilikuwa zimeshapoa kidogo, zinashika. "Breki kwenye mteremko?" aliuliza, maana fomu ilikuwa na mstari huo na mstari huo ulimtegemea dereva. "Sawa," nilisema. Aliandika: sawa.

Nimejiuliza miaka mingi kama nilidanganya. Siku za kwanza pengine hapana. Kwetu sisi wa malori ya mpunga, breki dhaifu haikuwa hitilafu, ilikuwa hali ya maisha, kama mtu mwenye mgongo unaouma. Lakini kufikia Februari nilikuwa najua ninachofanya. Nilijua kwa sababu nilianza kuongea sana kwenye ule mteremko, hadithi za Majimoto, vichekesho, ili Zuhura aniangalie usoni na asiangalie miguu yangu. Aliniamini. Kwa kila kitu kingine nilikuwa nimeshaonyesha kwamba nasema ukweli, na ule ukweli wa miezi miwili ndio nilioutumia kumfunga macho.

Mwezi wa tatu nikashikwa na malaria. Nilikuwa natetemeka kati ya matairi, Mzee Sadoki akiniletea uji, na nikasikia Meja anampa Elias gari langu. Nilisema moyoni nitamwambia Elias habari za gia. Niliinuka mpaka mlangoni. Alikuwa anapita na kofia mkononi, akaniona, akacheka. "Pumzika, kaka. Leo nalibeba mimi." Nikasema, "Mlima ushuke taratibu." Ndilo neno nililolitoa. Sikusema kwa nini. Kusema kwa nini kungekuwa kusema yote.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mzunguko wa tatu. Kutoka kitandani nilisikia honi kutoka mlimani, ndefu, haikatiki, halafu ikakatika. Walivyotueleza waliokuwa chini, Elias alianza kushuka na gia ya kawaida, kama fomu ilivyotaka, kama ambavyo kijana yeyote angefanya. Katikati pedali ikafika sakafuni. Mbele palikuwa na mafundi wanatengeneza daraja la magogo, kwa hiyo akalitoa lori njiani na kulielekeza kwenye kichuguu, kile kichuguu kikubwa kama nyumba kilichokuwa upande wa kulia. Upande wa kulia ndio wa dereva. Aliuchagua upande wake. Hata hivyo lori lilizunguka baada ya kugonga, na mti ukaingia mlango wa abiria. Elias alivunjika meno na mbavu. Zuhura alivunjika mguu mahali pawili, juu na chini ya goti.

Siku tatu baadaye uchunguzi ulifanyika kwenye banda la chakula, asubuhi, meza ile ile imefutwa na kuwekwa mafaili. Elias alisimama mbele yake, mdomo umevimba, mkono umefungwa kifuani. Mwakilishi wa kiwanda alikuwepo, mtu mpole mwenye shati jeupe, na alisoma fomu moja baada ya nyingine kwa utulivu. Breki kwenye mteremko, sawa. Breki kwenye mteremko, sawa. Mizunguko mingi namna ile, dereva mmoja, lori lile lile, sawa. Akauliza kwa upole kama si busara kufikiri kwamba kilichobadilika siku ile ni dereva. Meja akamgeukia Elias. "Unasemaje, askari?" Elias alijibu kwa shida, maneno yakipita kwenye pengo. "Zilikataa, afande. Nilikanyaga zikakataa." "Mwenzako zinamkubali, kwako zinakataa?"  Elias alikuwa anaangalia chini, na niliona kwamba ameanza kuamini ni kosa lake. Hilo ndilo lililoninyanyua. Ningeweza kuvumilia afukuzwe, nasema ukweli wangu wote, nilikuwa nimelala usiku huo nikijifunza kuvumilia. Lakini sikuweza kumwangalia akiamini.

"Afande, zilikuwa haziko sawa tangu Januari," nilisema. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na jiko. Wote wakageuka.

"Nani alikuwa anajua?" Meja aliuliza.

"Mimi."

"Na Sajenti?"

"Hapana. Nilimwambia ziko sawa, akaandika nilivyomwambia."

Meja hakupaza sauti. Alisema tu kwamba neno langu sasa halina thamani, maana nimekwisha kusema mambo mawili juu ya breki zile zile, na yeye hana namna ya kujua lini nilikuwa mkweli. Kisha akasimama. Lori la pili la aina ile lilikuwa zima. Aliagiza viroba vipakiwe, mchanga ulundikwe chini ya mteremko, watu waondolewe njiani. "Utaniendesha," akaniambia. "Mizunguko mitatu ya kijito na mlima. Ukishuka, ushuke alivyoshuka huyu kijana." Mwakilishi alitaka kusema kitu. Meja akamkaribisha asimame chini aone.

Mzunguko wa kwanza breki zilishika. Wa pili zilishika kwa uvivu. Wa tatu, tulipofika kilele, mguu wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye klachi na mkono ukateremsha gia, na tukashuka salama kabisa mpaka chini. Meja aliteremsha sauti yake, karibu ananong'ona. "Umelibeba tena. Rudia." Tulirudi kijitoni, tukaingia majini, tukapanda. Juu nilishika usukani kwa mikono yote miwili ili mkono usipate nafasi ya kuifuata gia. Nilikuwa nalia, sijui kwa hofu au kwa aibu, na homa ilikuwa haijaniisha. Tukaanza kushuka na gia ile ya juu. Nilikanyaga, likashika. Nilikanyaga, likashika kidogo. Harufu ya kuungua ikaingia kabini. Nilikanyaga, na pedali ikaenda mpaka sakafuni na kubaki pale, na lori lenye askari thelathini wa mchanga likaanza kujiendea. Kila kitu mwilini mwangu kilijua cha kufanya na sikufanya. Meja aliweka mkono mmoja kwenye dashibodi. Tuliingia kwenye mchanga kwa kishindo kilichonigonganisha na usukani, vumbi likatufunika, na lilipotulia nilimsikia akikohoa, kisha akisema, taratibu, "Sasa ndiyo nimeamini."

Malori yale hayakununuliwa mpaka breki zote zilipobadilishwa. Elias alirudishwa kazini. Mimi nilipewa siku mbili kuondoka, na Meja alinipa mkono, jambo ambalo sikulitegemea, lakini habari ya kazi ya kudumu hakuigusa, na mimi sikuiuliza. Kabla ya kurudi Majimoto nilipita hospitalini Mpanda. Zuhura alikuwa amelala wodi ya wanawake, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe. Nilikuwa nimebeba machungwa. Aliniangalia bila kunikaribisha. "Umeniandikisha uongo," alisema. "Kwa mkono wangu. Mguu utapona, Gaspari. Lakini yale mafomu nilikuwa nayapenda." Niliweka machungwa mezani nikatoka. Hatukuonana tena. Nilisikia alipandishwa cheo, nilisikia ameolewa, nilisikia amestaafu na kurudi ziwani, na mara zote nilisema nitakwenda kumsalimia.

Karema tulifika jua likiwa limeanza kushuka. Tulikaribishwa kwenye mkeka pamoja na wanaume wengine, tukatoa pole, tukapewa maji ya kunawa. Tukiwa tumekaa, Elias akaniambia kwa sauti ya chini kitu ambacho hakuwahi kuniambia miaka yote hii tunayopigiana simu. "Mimi nilikukasirikia sana, kaka. Watu walidhani nakushukuru. Nilipita mlangoni kwako na kofia mkononi, ukanyamaza." Nikamuuliza mpaka lini. Akafikiri. "Kama miaka tisa hivi. Baadaye nikapata watoto, nikaona hata mimi nanyamazia mambo." 

Binti wa marehemu ndiye aliyetuletea chakula, sinia la wali na samaki. Alikuwa mfupi, na alipoinama kuliweka nilimwona mama yake kabisa, namna ile ya kuhakikisha kila mtu amefikiwa kabla ya kunyanyuka. Akamtambua Elias. Kisha akanigeukia mimi. "Shikamoo, baba. Samahani, wewe sikufahamu. Na mama mlikuwa mnajuana wapi?"

"Marahaba. Kazini," nilisema. "Nilikuwa dereva wake, Sibwesa, alipokuwa anapima magari."

Akatabasamu. Akasema mama yake aliwahi kuwaambia kwamba kuna mwaka alikaa porini na mbung'o. Halafu akasema, kwa namna ya kumaliza mazungumzo kwa heshima, kwamba basi nitakuwa nimemjua alipokuwa bado anatembea vizuri, kabla hajaanguka mtumbwini.

Elias aliacha kutafuna. Nami nikaelewa kwamba Zuhura, ambaye hakutaka kamwe kuandika jambo lisilokuwa kweli, alikaa na watoto wake miaka yote hiyo akiwaambia habari ya mtumbwi, na kwamba kama nikimeza tonge na kusema ndiyo, habari hiyo itabaki hivyo daima, na hakuna atakayeumia. Ilikuwa rahisi mno. Mkono wangu ulikuwa umeshaelekea kwenye sinia.

"Hakuanguka, mwanangu," nilisema. "Mguu ule aliuvunja kwenye lori langu, na mimi ndiye niliyesababisha."

Aliniangalia jinsi mama yake alivyoniangalia wodini.  Nilidhani ataondoka, au ataita kaka zake. Alifuta mikono kwenye kanga, akavua kandambili, akakaa kwenye ukingo wa mkeka mbele yangu, akakunja miguu.

"Basi nieleze," akasema. "Taratibu. Usiruke kitu."